Usaili wa kazi: Macho uyaweke wapi mbele ya jopo?

Mchujo wa maandishi umepita. Jina lako limo kwenye ile PDF ya walioitwa kwenye usaili wa mahojiano, vyeti halisi viko kwenye bahasha na majibu umeyapitia usiku kucha. Kimebaki kitu ambacho wengi hawakifanyii mazoezi kabisa: mwili wenyewe.

Kwa vijana wengi wa Kitanzania, shida ya kwanza ni macho. Nyumbani ulifundishwa kwamba mkubwa akiongea, unatazama chini. Ukimkazia macho, huna adabu. Halafu unaingia chumbani, mbele yako wamekaa watu watatu au zaidi, mmoja wao umri wa baba yako, na wote wanatarajia uwatazame. Ukiinama muda wote, heshima yako inaweza kusomeka kama kutojiamini, au mbaya zaidi, kama mtu anayeficha kitu.

Lakini dawa yake si kukodoa macho. Mtazame aliyeuliza mpaka amalize swali. Anza kumjibu yeye, kisha wape na wenzake macho kidogo kidogo, maana nao wanaandika alama. Ukiwa unafikiri, macho yakihama kwa sekunde chache si kosa, kila mtu hufanya hivyo. Na kama macho kwa macho yanakupa tabu, tazama katikati ya nyusi zake. Hatagundua.

Mkono usiutangulize. Salimia, subiri kama wao watakupa wa kwao. Wapo wanawake na wanaume ambao kwa imani yao hawashikani mikono na jinsia nyingine, na hapo mkono kifuani na tabasamu vinatosha.

Ukishakaa, angalia bahasha. Wasailiwa kibao huikumbatia kifuani kama ngao. Iweke mezani au mapajani, mikono ionekane. Viti vya ofisini vinavyozunguka ni mtego: hofu ikipanda, unajikuta unayumba kushoto na kulia bila kujua. Bana miguu yote miwili sakafuni.

Usidanganyike pia na ile takwimu inayozunguka mitandaoni, kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano na kilichobaki ni sauti na mwili. Ilitokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian wa Marekani, mwaka 1967. Alikuwa akipima jinsi watu wanavyotambua hisia za mtu, kama anapenda au anachukia, hasa pale neno na sura vinapopingana. Hakupima usaili wa kazi, na mwenyewe amewahi kueleza kwamba hesabu hiyo haihusu mazungumzo yote. Ukiulizwa namna ya kufunga hesabu za mwezi na hujui, mkao mzuri hautakuokoa. Kazi ya mwili ni kutoharibu jibu zuri ulilonalo.

Kama usaili ni wa video, ongea ukitazama kamera, si sura yako kwenye kioo. Weka simu juu ya vitabu, ilingane na macho.

Zoezi la leo usiku ni la bure. Jirekodi kwa simu ukijibu "tueleze kuhusu wewe" kwa dakika mbili, halafu itazame video hiyo ukiwa umezima sauti. Mguu unaotikisika utauona mwenyewe.