Toledo, Mji wa Dini Tatu Juu ya Jabali

Mwendo wa nusu saa hivi kwa garimoshi kutoka Madrid humfikisha msafiri chini ya jabali lililozungukwa na mto Tajo pande tatu, na juu yake umesimama Toledo, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Wavisigoti kabla ya majeshi ya Kiislamu kuvuka bahari na kuingia Hispania mwaka 711, ukakaa katika himaya yao karne zipatazo nne, hata mwaka 1085 mfalme Alfonso wa Sita akautwaa.

Nasaha yangu kwa mwenye kuuzuru ni kwamba asianze na kanisa kuu, ijapokuwa fahari yake humvuta kila mtu, bali apande kwanza mpaka kwenye msikiti mdogo wa Bab al-Mardum, ambao maandishi ya matofali usoni pake yatoa habari kuwa ulijengwa Muharram mwaka 390 wa Hijria, yaani mwishoni mwa 999 Miladi. Ndani mna nguzo nne, ambazo vichwa vyake vilitolewa katika majengo ya Wavisigoti, na juu kuba tisa ndogo, wala hapana moja iliyosukwa sawa na mwenzake. Baadaye ukageuzwa kanisa, na sehemu iliyoongezwa ikajengwa kwa matofali na matao ya mtindo ule ule wa Kiislamu.

Ajabu hiyo yarudi tena katika sinagogi lililoitwa baadaye Santa María la Blanca, lenye matao meupe kama ya msikiti, na katika lile la Samuel ha-Levi, mtunza hazina wa mfalme Pedro, ambalo kuta zake zina nakshi za Kiebrania na Kiarabu pamoja. Katika mji huu Gerard wa Cremona alijifunza Kiarabu ili apate kusoma falaki ya Batlamyus, akafasiri pia tibu ya Ibn Sina, akafariki mwaka 1187; na kwa vitabu hivyo madaktari wa Ulaya walisomeshwa karne nyingi.

Lakini si insafu kuusifu Toledo kana kwamba haukujua dhuluma: Mayahudi wake waliuawa mwaka 1391, na mwaka 1492 waliosalia katika dini yao wakafukuzwa Hispania nzima.

Wageni wengi hurejea Madrid jioni ile ile. Mwenye wasaa na alale huko, kwani vilima ni vikali, na siku moja haiutoshi mji huu.