Umepewa blanketi la kufuma na hulipendi? Soma hii kabla hujaligawa

Julai shangazi alikuja mjini kwa ajili ya kliniki ya macho, akafikia kwangu Ngarenaro. Chumba kimoja, kitanda kimoja, na baridi ya Arusha mwezi wa saba unaijua. Nikamtandikia vizuri, nikampa blanketi la dukani.

Akalishika, akaniuliza kwa upole: "Lile langu liko wapi, mwanangu?"

Lile lake lilikuwa chini ya kitanda, ndani ya kiroba. Alilifuma kwa mkono, akanipa siku nilipomaliza chuo. Vipande vya mraba vimeungwa pamoja: kijani, chungwa na zambarau. Rangi ambazo, ukweli wa Mungu, hazikutakiwa kukaa pamoja.

Najua siko peke yangu. Kuna wenye vitambaa vya makochi walivyopewa na mama mkwe, mashuka yaliyodariziwa majina ya maharusi, au shuka la viraka vya vitenge. Kutumia hutaki, kutupa unaogopa, na aliyekupa anaweza kubisha hodi wakati wowote. Sasa unafanyaje?

1. Jua umeshika kitu gani

Kabla ya uamuzi wowote, jua uzi wake. Chomoa kipande kidogo cha uzi kwenye ncha, kishike kwa koleo, kiunguze juu ya beseni lenye maji. Ukinusa harufu ya karatasi iliyoungua na ukaona majivu laini, hiyo ni pamba. Harufu ya nywele zilizoungua ni sufu halisi. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, ni uzi wa plastiki, yaani akriliki, ambao ndio umejaa madukani.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu pamba unaweza kuitia rangi nyingine, lakini akriliki haishiki rangi za kawaida za nguo. Akriliki pia haitaki pasi ya moto, na usiiweke karibu na jiko la mkaa. Sufu nayo ukiifua kwa maji ya moto inasinyaa na kugandamana, hairudi tena.

2. Litoe kwenye kiroba

Hapa ndipo nilipokosea. Kiroba cha plastiki kinafungia unyevu, ukungu unaingia, na panya anapata nyumba ya bure. Ukilichukia leo, kesho unaweza kulitaka, ukakuta limeshaoza.

Lifue kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu. Usilikamue kwa kulisokota na usilianike likining'inia kwenye kamba, maana uzito wa maji unalivuta na kulirefusha. Litandaze juu ya mkeka au kanga, likauke kabisa, kisha likunje ndani ya shuka la pamba.

3. Libadilishie kazi

Mara nyingi hatuchukii kitu, tunachukia mahali kilipo. Blanketi lenye makelele kitandani linaweza kuwa sawa kabisa kwenye kiti cha nje, chini ya godoro kuzuia baridi ya sakafu, au juu ya miguu wakati unafanya kazi usiku. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti hakuna anayeuliza rangi ya kinachompa joto.

Kama limeungwa kwa vipande, una bahati zaidi. Fumua uzi wa kuungia tu, vipande vyenyewe vibaki vizima. Chagua vya rangi unayoipenda, upate foronya za mito ya kochi au kitambaa cha meza.

Angalizo: usikate kitu cha kufuma kwa mkasi hivi hivi. Ukikata uzi mmoja, vishimo vinaanza kuachia kimoja baada ya kingine. Mpelekee fundi cherehani apige kwanza mshono wa zigizaga pande zote mbili za mstari, ndipo akate katikati. Shuka la viraka vya kitenge halina shida hiyo, unakata na kukunja pindo. Kwa vyovyote, patana bei kabla hujaacha mzigo.

4. Fumua, uanze upya

Huu ndio uzuri wa kufuma. Kitenge kikishakatwa kimekatwa, lakini kilichofumwa kinarudi kuwa uzi. Tafuta mahali mfumaji alipomalizia, fungua fundo, vuta polepole.

Uzi utatoka umejikunja kama tambi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu tatu au nne usitatizike, uloweshe, kisha uutundike na kitu kizito kidogo chini yake. Ukikauka utakuwa umenyooka, tayari kwa kofia, soksi au sweta la mtoto.

5. Ukigawa, gawa kwa adabu

Likishakuwa lako, kuligawa si dhambi. Lakini kuna namna.

Anza na ndugu. Muulize aliyelifuma kama yupo mwingine kwenye ukoo anayelihitaji. Kama unataka kupeleka kwenye kituo cha watoto au wazee, pitia kwa afisa ustawi wa jamii wa eneo lako, uulize kwanza wanahitaji nini. Lipeleke safi na zima. Kwa mtoto mchanga epuka lenye matundu makubwa, vidole vinanasa, na kamwe lisifunike uso.

Ukiamua kuuza, kuwa makini na simu yako. Status ya WhatsApp inakaa saa 24, na shangazi naye anaangalia status. Usije ukamfanya ajue kwa picha yenye bei chini yake.

6. Kabla ya yote, ongea naye

Wengi wa rika la shangazi walifundishwa kushona na kufuma shuleni, kwenye somo la sayansi kimu. Kwao kufuma si urembo tu. Ni namna ya kumfunika mtu bila kusubiri mshahara. Wahenga walishasema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Na si huku kwetu tu. Kule Gee's Bend, jimbo la Alabama nchini Marekani, wanawake Weusi walishona mablanketi ya viraka kwa nguo za kazi zilizochakaa, ili familia zisilale na baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York, watu wakapanga foleni kuyatazama. Sisemi la shangazi litafika huko. Nasema tu kwamba aliyeshona anajua kitu ambacho wewe unayetazama rangi hukijui.

Ushauri: usiseme "ni baya". Sema unachohitaji. "Shangazi, nashukuru sana, ila kwa chumba changu ningependa dogo zaidi, la rangi moja." Hapo umeongelea chumba, hujaongelea mikono yake.

Mimi nilifanyaje?

Usiku ule nilivuta kiroba. Blanketi lilikuwa na harufu ya ukungu na kona moja ilishaliwa na panya. Nilitamani ardhi ipasuke.

Shangazi akalipapasa ile kona, maana kuona haoni vizuri siku hizi. Akasema kijani ni masalio ya sweta la shule alilonifumia nikiwa darasa la pili. Chungwa ni shali ya bibi, aliifumua bibi alipofariki. Zambarau alinunua, kwa sababu uzi haukutosha.

"Shangazi, nisamehe. Rangi zilinishinda," nikamwambia.

Akacheka. "Hata mimi zilinishinda. Ungesema tu, ningekufumulia. Ila sasa macho hayanisaidii, itabidi ufume wewe."

Kesho yake baada ya kliniki tulikaa kibarazani. Tulitoa vipande vilivyoliwa, tukafumua vya zambarau vyote. Yeye anavuta uzi, mimi nazungusha kwenye kiti. Kijani na chungwa tumeviunga upya, limekuwa dogo, linatosha miguu tu.

Alipoondoka aliniachia sindano yake ya kufumia. Mpaka sasa nimeshamaliza kipande kimoja, na kimepinda.