Meza Isiyo na Mwuzaji

Je, mtu mwenye akili timamu aweza kuweka mandazi na chupa za maji mezani, akaandika bei, akaacha kisanduku cha fedha kando, kisha akaenda zake bila kuweka mlinzi? Wengi mtajibu upesi: "Huyo atafuta hasara." Sisi nasi tulijibu hivyo. Lakini tumeijaribu biashara hiyo wenyewe katika shule moja hapa Baraka, nayo imetupa faida kidogo ya fedha pamoja na fundisho lililotutia aibu. Yote mawili twataka kuwashirikisha, maana katika nyumba nyingi za Fizi na Baraka akina mama hukaanga na kupika vitu vya kuuza, nao hawana saa za kuketi sokoni kutwa.

Mikate ya Washington

Tuanze mbali kidogo. Mjini Washington, nchini Marekani, palikuwa na mchumi jina lake Paul Feldman. Kila Ijumaa aliwaletea wafanyakazi wenzake mikate ya mviringo yenye tundu katikati. Watu wa ofisi za jirani wakasikia, wakaja nao; ndipo alipoweka kikapu cha fedha na kuandika bei. Asilimia 95 ya malipo ilipatikana, naye aliona kwamba kilichopungua ni usahaulifu wala si wizi. Mwaka 1984 aliacha kazi yake, akaifanya mikate hiyo kuwa biashara. Alfajiri alizunguka ofisini akiacha mikate na chombo cha fedha. Kabla ya chakula cha mchana alirudi kukusanya malipo na masalio. Baada ya miaka michache alipeleka mikate 8,400 kwa juma katika makampuni 140. Habari zake zilienea duniani mwaka 2005, zilipotiwa katika kitabu kiitwacho Freakonomics.

Bwana huyo aliandika kila kitu, na daftari zake zafundisha mengi. Mwanzoni aliacha kikapu wazi, na fedha zikatoweka mara nyingi mno. Akajaribu kopo la kahawa, nalo likawa kishawishi. Mwisho alitengeneza visanduku vya mbao vyenye upenyo mwembamba juu. Katika visanduku karibu 7,000 alivyoviweka kwa mwaka, aliibiwa kama kimoja tu! Watu walioweza kula mkate bila kulipa hawakuthubutu kubeba kisanduku. Tena aliona kwamba ofisi ndogo, ambamo watu hujuana, zalipa vizuri kuliko ofisi kubwa. Na katika kampuni moja yenye orofa tatu, alihukumu kwamba wakubwa wa orofa ya juu walilipa pungufu kuliko wadogo wao wa chini. Mlikumbuke neno hilo la wakubwa, tutalirudia.

Si jambo geni Afrika

Labda mtu atasema: "Hayo ni ya Marekani, hapa kwetu hayawezekani." Sivyo. Herodoto, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, asimulia jinsi watu wa Karthago walivyofanya biashara na wenyeji wa pwani ya Afrika, upande wa pili wa mlango wa Gibraltar. Walipanga bidhaa zao ufukweni, wakarudi merikebuni, wakawasha moto ili moshi uonekane. Wenyeji walikuja, wakaweka dhahabu kando ya bidhaa, wakajitenga. Dhahabu ikiwa haitoshi, wageni walirudi merikebuni wakangoja, mpaka wenyeji waongeze. Asema hakuna aliyemdhulumu mwenzake: hawa hawakugusa dhahabu kabla haijatosha, na wale hawakugusa bidhaa kabla dhahabu haijachukuliwa.

Tena tusiende mbali hivyo. Hapa Kivu ya Kusini twazijua jumuiya za akiba ziitwazo MUSO. Wanachama huweka fedha zao katika makasha: la kijani kwa akiba na mikopo, jekundu kwa misiba na magonjwa, na la buluu kwa fedha zitokazo nje ya kikundi. Kinachoyalinda makasha hayo si kufuli peke yake. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, na kila mmoja anajua jumla kabla ya kwenda nyumbani. Hiyo ndiyo siri ya meza isiyo na mwuzaji pia.

Ni kweli, Baraka ya leo si kijiji cha watu wa ukoo mmoja. Tangu Oktoba 2005, meli zilipoanza kuwarudisha wakimbizi wetu kutoka Kigoma, mji umejaa watu waliolelewa mahali mbalimbali. Kuanzia mwaka 2015 ndugu wa Burundi nao wamekimbilia Lusenda. Mwenye nyumba huenda asimjue jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Kwa hiyo meza hii haifai kuwekwa sokoni, wala bandarini, wala kando ya barabara ipandayo Fizi. Mahali pake ni pale watu wanapokutana kila siku na kuitana kwa majina: chumba cha walimu, ofisi, kiwanda cha mafundi mbao, chumba cha wauguzi.

Meza yetu

Sisi tulianza katika chumba cha walimu. Mama wa nyumba yetu aliamka gizani, akakaanga mandazi 40. Tukayafunika kwa kitambaa safi, tukaweka karanga katika vifuko vidogo, na maji ya chupa. Juu ya meza tuliandika bei. Kando yake kulikuwa na kisanduku cha mbao chenye upenyo na kufuli. Wenzetu walifurahi, maana kabla ya hapo ilibidi kumtuma mtoto nje saa ya mapumziko, naye hukosa somo.

Siku za kwanza zilikwenda vyema. Juma la pili tulifungua kisanduku jioni tukakuta malipo ya mandazi 33, na sinia tupu. Saba yamekwenda wapi? Nyumbani Mama alisema kwa upole: "Baba, unga sokoni hawatoi kwa maneno mazuri." Neno hilo lilituchoma, kwa sababu fedha zile zilikuwa zimetengwa kwa sare ya mtoto wetu wa pili.

Basi, wasomaji, tulimshuku nani? Tulimshuku kijana afagiaye chumba kile, aliye maskini kuliko sisi sote! Tulimwita, tukamwuliza kwa sauti kali, na walimu wawili wakisikia. Akainama, akajibu: "Mwalimu, mimi nafika hapa ninyi mkiwa mmekwisha kula. Sijakuta hata andazi moja kwenye sinia." Hatukumwamini.

Mzee mmoja, mwalimu aliyetutangulia kwa miaka mingi, alitushauri jambo dogo. "Tundikeni karatasi na kalamu," alisema. "Asiye na chenji aandike jina lake na deni lake. Kisha ninyi wenyewe muwe wa kwanza kuandika." Tukafanya hivyo. Kesho yake tulikuta majina matatu ya walimu wenzetu: siku ile kila mmoja alikuwa na noti ya faranga 5,000 tu, akala, akaahidi moyoni kulipa, akasahau. Hayo ni matatu. Nasi tuliposhika kalamu, mkono ulitulemea. Kila asubuhi, tulipokuwa tukipanga sinia, tulikuwa tukila moja au mawili na kujiambia: "Hii ni mali yetu." Siku ile tulikula mawili. Jumla ni matano. Mawili yaliyosalia hatukuyajua mpaka leo, wala hatutaki tena kuyajua.

Kumbe! Kikulacho ki nguoni mwako. Wakubwa wa ile orofa ya juu walikuwa sisi wenyewe. Tulimwomba kijana msamaha, tena mbele ya wale wawili waliosikia tukimkemea, maana aibu iliyotiwa hadharani haifutwi kwa siri. Tangu siku ile yeye ndiye ahesabuye pamoja nasi kila jioni, na kazi hiyo twamlipa.

Mambo ya kushika

Mwenye kutaka kujaribu, ayashike haya.

Kwanza, bei iwe noti moja. Katika nchi yetu hatuna sarafu za chuma mkononi, na noti ndogo zimechakaa, tena ni adimu. Ukiandika bei ya faranga 350, umemlazimisha mtu mwema kukudhulumu au kujidhulumu. Andika 500, au vitu viwili kwa 1,000. Weka na karatasi ya madeni, ifutwe kila mwisho wa juma. Mshahara ukichelewa, kama ujuavyo kuchelewa, usiruhusu deni livuke juma moja. Afadhali kupunguza mandazi kuliko kuvunja urafiki.

Pili, hasara ihesabiwe mapema kama nauli ya mtumbwi. Tuseme andazi moja lakugharimu faranga 300 pamoja na unga, mafuta, sukari na makaa, nawe waliuza 500. Mandazi 40 yatakula 12,000. Wote wakilipa, utapata 20,000, na faida ni 8,000. Watu wa 36 wakilipa, faida ni 6,000. Wa 32 wakilipa, ni 4,000. Wakilipa 24 tu, umefanya kazi bure. Basi ujue mpaka wako kabla ya kuanza. Bwana Feldman aliridhika na malipo yaliyopita asilimia 90; chini ya 80 alibandika barua ya kuwaonya wateja. Nawe ukiona hivyo majuma mawili mfululizo, sema wazi. Yasipobadilika, ondoa meza bila matukano.

Tatu, hesabu ifanywe siku ile ile na watu wawili, na jumla iandikwe mahali pa kuonekana: "Jana vilitoka 40, vimelipwa 38." Usiandike jina la mtu wala kisio lako. Nambari peke yake yatosha kuiamsha dhamiri. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, mwenye meza alipe kama wengine. Akila chake bila kuandika, hatajua kamwe mwizi ni nani.

Tano, usafi. Kipindupindu ni adui wa siku nyingi katika miji ya kando ya ziwa letu. Ukitaka kuuza kinywaji cha tangawizi ulichotengeneza mwenyewe, maji yake yachemshwe kweli kweli, chupa zioshwe kwa maji ya moto, na kisichouzwa siku ile kimwagwe. Usipoweza hayo, uza maji yaliyofungwa kiwandani. Karibu na sinia pawe na maji ya kunawa na sabuni. Mteja aliyekuamini kwa fedha amekuamini pia kwa tumbo lake.

Sita, anza kidogo. Mandazi 20 katika chumba cha watu 15 hufundisha zaidi kuliko 100 katika nyumba ya watu usiowajua.

Wengine hudhani biashara hii yataka kwanza watu wasio na dhambi. La hasha, watu hao hawapo Washington wala Baraka, na amri ya saba haikuandikwa kwa ajili ya malaika. Yataka bei iliyo wazi, hesabu iliyo wazi, na mwenye meza aliye tayari kujichunguza kabla ya kumnyoshea kidole mdogo wake. Nchi yetu imeona vita vingi, na watu wamezoea kufunga kila kitu, hata mioyo. Pengine ni vema mahali fulani, katika chumba kidogo, tuanze tena kuaminiana kwa faranga 500.

Sare ya mtoto wetu, kama mwauliza, ilishonwa mwezi uliofuata. Fedha zake zilitoka katika kile kisanduku.