Baba wa muziki wa Kisomali alizaliwa Moshi

Ukitembea Garissa na gitaa begani, hukosi mtu wa kukuambia: hiyo si yetu, yetu ni kaban, yaani udi. Sasa sikia hii. Abdullahi Qarshe, anayeitwa baba wa muziki wa Kisomali, alizaliwa mwaka 1924 Moshi, pale chini ya Kilimanjaro. Akakulia Aden, akaja kuvuma Hargeisa. Na hakutunga kwa kaban peke yake; gitaa alitia, piano pia. Hata udi wenyewe ulitoka Arabuni. Kwa hivyo wewe unayejifunza nyuzi sita huko Bulla Iftin, usingoje ruhusa ya mtu. Tunga kwa Kisomali cha nyumbani, halafu tuone nani atasema si yetu.