Jodari: Siku za Kufunga na Tani za Kugawana

Mvuvi wa pweza wa Kizimkazi, Kisiwa Panza au Songosongo hahitaji kufundishwa maana ya kufunga bahari. Kijiji hukubaliana, mwamba huachwa upumzike miezi michache, na siku ya kuufungua watu hushuka na zana zao wakijua kwamba pweza waliowaacha wakiwa wadogo sasa wana uzito wa kuuzika. Wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika nao waliona uvuvi ukisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024. Kwa hiyo msomaji akisikia kwamba meli kubwa za jodari nazo huamriwa kusimama kwa siku kadhaa, au hupewa idadi ya tani zisizopaswa kuvukwa, huenda akadhani ni jambo lile lile, ila kwa meli kubwa zaidi.

Si lile lile. Pweza hukua upesi na hahami mbali na mwamba wake, kwa hiyo kijiji kilichongoja ndicho kinachovuna. Jodari hukua, lakini hakai. Kundi lililoachwa leo katika maji ya Tanzania laweza kunaswa baada ya wiki kadhaa kwenye maji ya Shelisheli, ya Somalia, au kwenye bahari kuu isiyo ya nchi yoyote. Anayengoja peke yake amemwachia mwenzake. Ndiyo maana sheria za jodari hutungwa na nchi nyingi kwa pamoja, na ndiyo maana hutungwa kwa shida.

Katika Bahari ya Hindi kazi hiyo ni ya Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, iliyoanza mwaka 1996 chini ya mwavuli wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na yenye makao yake Victoria, Shelisheli. Kenya na Tanzania ni wanachama. Wamo pia wenye meli kubwa kama Umoja wa Ulaya, Japani na Korea Kusini, na nchi zenye maelfu ya vyombo vidogo na vya kati kama Indonesia, Iran, Sri Lanka, Pakistani na Oman. Kila mmoja huja mezani na zana yake. Wahispania na Wafaransa hutumia meli za nyavu za kuzungusha, ambazo mtupo mmoja waweza kuleta makumi ya tani. Wajapani hutandaza mishipi mirefu yenye maelfu ya ndoano. Wairani na Wapakistani hutegemea jarife. Sheria yoyote inayoibana zana moja humwacha mwenye zana nyingine akipumua.

Njia za kubana ni mbili kuu. Ya kwanza ni kuhesabu samaki: wanasayansi hukadiria wingi wao baharini, hutaja kiasi kinachoweza kuvuliwa kila mwaka bila kula mtaji, kisha kikomo hicho hugawanywa na kila nchi hupata mgao. Ya pili ni kuhesabu siku: uvuvi wote, au aina fulani ya uvuvi, husimama kwa kipindi maalumu. Mgao huhitaji mizani, karani na mtu wa kuwaamini. Siku za kufunga huhitaji kalenda na mtambo wa setilaiti unaoonyesha meli ilipo. Ndiyo sababu kufunga hupendwa na wasimamizi. Meli iliyoko baharini siku isiyoruhusiwa huonekana, lakini tani zilizofichwa kwenye ghala lake la barafu hazionekani.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo uvuvi wa jodari umelionyesha tena na tena: kila sheria husukuma uvuvi kuelekea upande ambao sheria hiyo haikuuziba. Mfano ulio wazi zaidi uko kwenye bahari yetu wenyewe.

Mwaka 2015 wanasayansi wa tume walitangaza kwamba jodari wa mapezi ya njano amevuliwa kupita kiasi. Mwaka uliofuata nchi wanachama zilikubaliana kupunguza. Kwa nchi zenye uvuvi mkubwa wa samaki huyo, nyavu za kuzungusha zipunguze asilimia 15 ya kiasi cha mwaka 2014, mishipi mirefu na jarife asilimia 10, na zana nyingine asilimia 5. Kwenye karatasi ilikuwa hesabu safi. Lakini nahodha wa meli ya nyavu za kuzungusha ana namna mbili za kuvua. Anaweza kufuata kundi huru linalojiendea lenyewe, ambalo mara nyingi huwa na jodari wakubwa wa mapezi ya njano. Au anaweza kwenda kwenye chelezo.

Chelezo ninachokisema ni jukwaa dogo linaloelea likichukuliwa na mkondo, na chini yake huning'inizwa kamba au nyavu. Samaki wa bahari kuu hupenda kukusanyika chini ya kitu kinachoelea. Siku hizi chelezo hubeba mtambo unaotuma kwa setilaiti mahali kilipo na hata makadirio ya samaki walio chini yake, kwa hiyo meli huenda moja kwa moja penye mzigo. Wengi wanaokusanyika hapo ni sehewa, jodari mdogo mwenye mistari tumboni ambaye ndiye hujaza makopo mengi madukani. Lakini pamoja naye huja watoto wa jodari wa mapezi ya njano na wa jodari macho makubwa, ambao bado hawajazaa hata mara moja.

Meli zilizobanwa kwa tani za mapezi ya njano zilifanya jambo ambalo mfanyabiashara yeyote angelifanya: zikaelekea zaidi kwenye vyelezo, zikajaza sehewa. Hapo ndipo uzito unapodanganya. Jodari wa mapezi ya njano mwenye urefu wa nusu mita ana uzito wa kilo mbili na nusu hivi, kwa hiyo tani moja ni samaki 400. Wakiwa wakubwa wa kilo 40, tani hiyo hiyo ni samaki 25. Daftari la mgao huandika tani moja kwa vyovyote vile, ilhali baharini katika hesabu ya kwanza wameondoka samaki 400 ambao hawakupata nafasi ya kuacha kizazi.

Sehewa naye alikuwa na ulinzi wake. Tume ilikubali mwaka 2016 kanuni ya kukokotoa kikomo chake kutokana na hali yake baharini, na kwa miaka ya 2018 hadi 2020 kikomo kikawa tani 470,029 kwa mwaka. Mwaka 2018 peke yake zilivuliwa zaidi ya tani 600,000. Hakuna nchi iliyoweza kuitwa mkosaji, kwa sababu kikomo kilikuwa cha bahari nzima na hakikuwa kimegawanywa. Hakuna aliyepewa sehemu yake, kwa hiyo hakuna aliyevuka sehemu yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, na lilijazwa, ila ukurasa wa nani ni nani uliachwa mtupu.

Kwa hali hiyo wazo la kufunga vyelezo kwa kipindi fulani lina mantiki nzuri. Halizuii meli kuvua, linaizuia kuvua kwa namna inayokomba watoto. Ni nyongeza ya mgao, inayoziba pale mgao ulipoacha wazi. Februari 2023 tume ilikutana Mombasa, na Indonesia pamoja na nchi nyingine za pwani zikaleta pendekezo la kufunga uvuvi wa vyelezo kwa siku 72 kila mwaka, kuanzia Julai. Pendekezo lilipita kwa kura ya theluthi mbili.

Tarehe ndiyo iliyoumiza. Meli za nyavu za kuzungusha zina mzunguko wake. Miezi ya mwanzo wa mwaka nyingi huwa karibu na ikweta, kuanzia Machi hushuka kuelekea Mlango wa Msumbiji, na kuanzia Agosti hujaa kaskazini, kwenye maji yaliyo mbele ya Somalia, ambako uvuvi wa vyelezo huwa umepamba moto. Kufunga Julai hadi Septemba ni kugonga mlango wa msimu mnono. Umoja wa Ulaya ulipinga. Zikapinga pia baadhi ya nchi za pwani zenyewe, maana bandari na viwanda vya makopo, Shelisheli hasa, huishi kwa mizigo ya meli hizo. Mkataba wa tume humruhusu mwanachama kuwasilisha pingamizi na asifungwe na azimio, na pingamizi zikizidi theluthi ya wanachama, azimio halimfungi hata aliyelikubali. Zilizidi. Mwaka 2024, Bangkok, nchi zilikubaliana jambo jepesi zaidi: idadi ya vyelezo kwa kila meli, iliyokuwa 300, ipunguzwe kwa hatua, vitengenezwe kwa vitu vinavyooza, na viandikishwe. Siku za kufunga hazikuwamo.

Je, kufunga kungefaa? Bahari nyingine zinatoa jibu lenye pande mbili. Mashariki mwa Bahari ya Pasifiki, kuanzia maji ya Meksiko hadi Peru, hadi mwaka 2024 meli kubwa za nyavu za kuzungusha zilipumzika siku 72 kila mwaka, na kila meli ilichagua kimoja kati ya vipindi viwili. Isitoshe, eneo moja magharibi mwa visiwa vya Galápagos hufungwa mwezi mzima kwa meli zote hizo. Mpango huu umedumu kwa sababu kila mtu anaweza kuukagua. Lakini siku hizo hazikuanza zikiwa 72. Ziliongezwa kadiri uwezo wa meli ulivyoongezeka, kwa sababu meli kubwa zaidi na vyelezo vingi zaidi hufidia kwa siku zinazobaki kile kilichopotea kwa siku zilizofungwa. Kalenda peke yake haishindani na injini.

Upande wa pili uko mashariki mwa Atlantiki na Bahari ya Kati, kwa jodari wa mapezi ya buluu, yule ghali wa sushi. Mwaka 2007 kikomo chake kiliwekwa tani 29,500 ilhali wanasayansi walikuwa wakishauri karibu nusu ya hapo, na juu yake uvuvi wa magendo ulikuwa mkubwa. Monako ilipendekeza biashara yake ya kimataifa ipigwe marufuku kabisa, na pendekezo likashindwa mkutanoni Doha mwaka 2010, lakini hofu ilibaki. Kikomo cha mwaka huo kilikuwa kimeshakatwa hadi tani 13,500, cha mwaka uliofuata kikawa 12,900, msimu wa nyavu za kuzungusha ukawa wa wiki chache tu, kila meli ikapewa mgao wake kwa jina, na kila samaki aliyeuzwa akatakiwa kufuatwa na hati tangu baharini hadi kwa mnunuzi. Samaki walirudi. Kwa miaka ya 2023 hadi 2025 kikomo kilifikia tani 40,570. Hapo mgao na msimu vilifanya kazi pamoja, kila kimoja kikiziba ufa wa mwenzake, na juu ya vyote kulikuwa na hati.

Jodari wa mapezi ya njano wa Bahari ya Hindi naye amepata nafuu: tathmini ya mwaka 2024 ilimtoa kwenye kundi la waliovuliwa kupita kiasi. Ni habari njema, lakini kwa kiasi imetokana na takwimu na mbinu zilizorekebishwa, si kwa sababu nyavu zilipungua tu. Nafuu ya namna hiyo ni wakati mzuri wa kugawana, kwa kuwa hakuna anayelazimika kugawana njaa.

Na hapa ndipo mwambao wetu unapoingia. Mazungumzo ya namna ya kugawa jodari wa bahari hii yalianza mwaka 2011 na hayajafika mwisho, kwa sababu ya swali moja. Meli ya Hispania ikivua tani 500 ndani ya maili 200 za Tanzania au za Kenya, tani hizo ziandikwe kwenye historia ya nani? Wenye meli husema historia hufuata bendera. Nchi za pwani husema hufuata maji, kwa sababu sheria ya bahari ya mwaka 1982 inawapa haki juu ya rasilimali za maji hayo. Jibu lina uzito kwa kuwa mgao wa kesho hupimwa kwa kiasi kikubwa na kile kilichoandikwa jana. Nchi ambayo haijawa na meli zake, na imekuwa ikiuza leseni tu, ikikubali hesabu ya bendera itaingia ugawaji ikiwa na historia ya wavuvi wake wadogo peke yake.

Na historia hiyo ya wadogo nayo ni lazima iwe imeandikwa. Karibu nusu ya jodari na jamaa zake katika Bahari ya Hindi huvuliwa na vyombo vya pwani, na huko ndiko takwimu zilikopwaya zaidi. Jodari anayeshushwa diko la Tanga, Shimoni au Mkokotoni, akapigwa mnada na kukatwa vipande kabla karani hajafika, mezani hayupo. Mamlaka ya Usimamizi wa Uvuvi wa Bahari Kuu iliyoko Zanzibar yaweza kutuma wajumbe hodari kwenye kila kikao, lakini watajadili kwa namba walizobebeshwa na madiko.

Kwa hiyo tangazo lijalo la kufunga vyelezo au la kikomo kipya likitoka, tani na siku zilizotajwa zisitutoshe. Tuulize uvuvi utasukumwa wapi, na sheria gani inangoja huko. Tuulize kikomo kimegawanywa kwa majina au kimeachwa cha wote. Na kabla ya kikao kingine, serikali za pwani zina kazi isiyohitaji kura ya mtu wala kuogopa pingamizi lolote: kuajiri makarani wa kutosha madikoni, kuwapa mizani, na kuwafundisha kutofautisha watoto wa jodari mmoja na mwingine, ambao hata wavuvi wazoefu huwachanganya. Gharama yake ni ndogo kuliko ya meli moja, na mgao wa nchi nzima utapimwa kwa kile watakachoandika.