Faili Isiyosafiri

Kikao cha vikoba kilikuwa kimeshaanza, na mtandao haukuwepo. Katika kijiji kile cha milimani huko Lushoto, ukitaka intaneti unapanda hadi kilima cha shule, unanyoosha mkono juu na kusubiri. Mama katibu, mwalimu mstaafu, hakupanda. Alifungua kivinjari kwenye kompyuta yake ya mkononi, programu ya hesabu za kikundi ikatokea, akabofya kitufe cha "Pakia faili" na kuchagua orodha ya wanachama aliyoiandaa kwenye Excel. Majina yote yakajipanga kwenye skrini mara moja.

"Sasa imeenda wapi?" akaniuliza.

"Haijaenda popote, mama. Imo humuhumu."

"Imo humu, na ilikuwa humu?" Akaniangalia kama anavyoangaliwa mwanafunzi aliyejibu kabla ya kufikiri.

Mimi nalilaumu lile neno kwenye kitufe. Kupakia ni kuweka shehena chomboni ili isafiri. Kupakua ni kuishusha, na jikoni ni kutoa ubwabwa chunguni. Maneno hayo yanafaa sana kwa intaneti ya kawaida, ambako faili hupanda jahazi kwenda kwenye kompyuta ya mbali. Lakini programu inayofanya kazi bila mtandao haina jahazi. Faili ya mama katibu ilisomwa palepale ilipokuwa, nakala yake ikawekwa kwenye ghala la kivinjari ndani ya kompyuta ileile. Hapo kitufe kingeandikwa "Ingiza", watu wasingebaki wakiwaza kwamba siri za kikundi zimeshafika Ulaya.

Hata programu yenyewe kutokea bila mtandao si muujiza. Siku alipoifungua mara ya kwanza, akiwa mjini, ilijiwekea kijiprogramu kiitwacho sevisi woka, ambacho hukaa kati ya ukurasa na mtandao. Ukurasa ukiomba kitu, chenyewe hutazama kwanza kilichohifadhiwa. Chrome ilianza kukiruhusu mwaka 2015.

Kusoma faili ndiko kwenye utamu zaidi, kwa sababu vivinjari vilijengwa juu ya kutoaminiana. Ukurasa wa wavuti ni mgeni. Huyu anapiga hodi, anakaribishwa barazani, lakini vyumbani haingii. Akihitaji faili, anaomba. Mwenye nyumba anaingia ndani mwenyewe, anachagua anachotaka kumwonyesha, anakileta barazani. Lile dirisha linalofunguka ili uchague faili ni la kivinjari na mfumo wa kompyuta. Ukurasa hauoni folda zako, haujui una faili ngapi, wala hauwezi kukuchagulia. Kule kuchagua kwako ndiyo ruhusa yenyewe.

Utaratibu huo una umri mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwezi wa Novemba 1995, Ernesto Nebel na Larry Masinter wa Xerox walitoa pendekezo la kuongeza kwenye fomu za wavuti sehemu ya kuchagulia faili, na tangu hapo walisisitiza kwamba kivinjari kisitume faili ambayo mtumiaji hakuiomba itumwe. Baadhi ya vivinjari vya zamani viliutajia ukurasa hata njia nzima ya faili, folda baada ya folda, jambo lililoweza kufichua jina la mwenye kompyuta. Leo programu ikiuliza faili imetoka wapi, kivinjari huijibu "C:\fakepath\" kisha jina la faili, hata kama unatumia simu ya Android isiyojua C ni nini. Ni uongo ulioandikwa rasmi kwenye kiwango cha HTML, ili tovuti za zamani zilizozoea kuona njia ya namna hiyo zisiharibike. Naupenda sana uongo huu. Ni sawa na mgeni kuuliza kanga umeitoa sanduku gani, ukamjibu tu, "Ndani."

Kwa miaka mingi, hata hivyo, ukurasa uliweza kupokea faili ila si kuifungua. Ukitaka kuona picha yako kwenye ukurasa, ilibidi isafiri hadi kwenye seva kisha irudi, bando likiliwa kwenda na kurudi. Mambo yalibadilika pale rasimu ya kiwango cha kusoma faili ilipotolewa mwaka 2009, na Firefox 3.6 ya Januari 2010 ikaanza kukitekeleza. Tangu hapo ukurasa unaweza kusoma baiti za faili uliyoichagua bila kutuma chochote. Tena kinachokabidhiwa ukurasa mwanzoni si mzigo, ni stakabadhi ya mzigo. Baiti huletwa pale tu zinapoombwa, na zinaweza kuombwa vipande vipande. Ndiyo maana programu iliyoandikwa vizuri husoma faili ya gigabaiti mbili kwenye simu dhaifu, na iliyoandikwa ovyo huibeba yote kwa mkupuo mmoja ikaanguka nayo.

Baada ya baiti kufika, shida inayobaki ni ya lugha. Kwenye safu ya madhumuni ya mkopo, mama katibu aliona "Ng�ombe", alama nyeusi ikiwa imekaa mahali pa kitone cha ng'. Maneno yale alikuwa ameyanakili kutoka Word, ambayo hupenda kukipinda kile kitone. Alipoihifadhi orodha kama CSV, Excel ikakiandika kwa mfumo wa zamani wa Windows-1252, ambamo kitone kilichopindwa ni baiti moja, namba 146. Programu ikaisoma faili kwa mfumo wa UTF-8, ambamo kitone hichohicho ni baiti tatu: 226, 128, 153. Ilipokutana na 146 peke yake haikuielewa, ikaweka alama ya kushindwa. Njia ya kurudi ina kichekesho chake: faili ya UTF-8 ikifunguliwa kana kwamba ni Windows-1252, kila baiti kati ya zile tatu husomwa kama herufi kamili, na ng'ombe anageuka "Ngâ€™ombe". Waandishi wa programu wanaoandika Kiingereza tu wanaweza wasilione tatizo hili kwa miezi. Sisi wenye ng'ambo, ng'ombe na kung'ang'ania hatuna bahati hiyo.

Dawa ipo: kuihifadhi faili kwa kuchagua UTF-8. Tulifanya hivyo. Namba za simu zilizokuwa zimepoteza sifuri ya mwanzo hazikuwa na dawa ya haraka, kwa kuwa Excel ilikuwa imeshazifuta kabla kivinjari hakijaziona.

Nakala iliyoingizwa huishi kwenye hifadhidata ya kivinjari, IndexedDB, na hapo ndipo ninapowaonya watu. Mtu akifuta data za tovuti ili simu ipate nafasi, imekwenda. Safari, tangu 2020, hufuta hifadhi ya namna hii baada ya siku saba za matumizi ya kivinjari bila mtu kuigusa tovuti husika, isipokuwa programu iliyowekwa kwenye skrini ya mwanzo. Kwa kikundi kinachokutana mara moja kwa mwezi, siku saba ni chache mno.

Kwa hiyo nilimfundisha mama katibu kutoa nakala kila mwisho wa kikao, na suala la baraza likajitokeza tena. Mgeni haruhusiwi kurudisha kitu chumbani kilikotoka; anakiacha mlangoni, yaani kwenye folda ya vipakuliwa. Mwaka 2020 Chrome ilianzisha njia ya kumpa mgeni ufunguo wa chumba kimoja, ili programu iandike juu ya faili ileile, lakini Mozilla na Apple walikataa kuufuata mkondo huo kwa faili za mtumiaji. Mama katibu anatumia Firefox. Nilipomtembelea tena, folda yake ilikuwa na wanachama.csv, wanachama(1).csv, wanachama(2).csv, mpaka saba.

"Ya kweli ni ipi?" akauliza.

Tulizifungua moja moja, tukilinganisha jumla ya hisa na kaunta buku. Ilikuwa ile ya tano.