Unajenga Lac Vert? Soma pori kwanza

Wandugu, mtu akipata parsele upande wa Mugunga ao Lac Vert, kazi ya kwanza ni kuita vijana wa panga. Siku mbili pori limekwisha, makala yamepanda chukudu, parsele inabaki mawe matupu. Kisha tunaanza kulalamikia joto na vumbi.

Mimi ni mtu wa agronomia, basi naanza na udongo. Angalia lave ya 2002, ile iliyokata mji mpaka ziwani: kwanza likeni ya kijivu, kisha majani madogo, kisha vichaka. Udongo unajitengeneza polepole sana. Ukifyeka yote na kusawazisha, mvua inausukuma ndani ya nyufa za mawe. Kuurudisha ni kununua lori kwa lori. Kwa hiyo pima kwanza miti iko wapi, nyumba ikae mahali palipo wazi, njia ipinde kidogo. Musave acha. Eukaliptusi karibu na sitarne, hapana, mizizi yake inatafuta maji.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko kivuli: mazuku. Ni gazi karboniki inayotoka chini ya ardhi kupitia nyufa. Ni nzito kuliko hewa, basi inajaa katika mashimo, zaidi usiku na asubuhi mapema kama upepo umetulia. Haionekani. Inaua mbuzi, inaua pia mtoto aliyeshuka kuokota kuni. Na sisi tunakata viwanja kwa kamba iliyonyooka, kama vile ardhi yote ni sawa! Shimo linauzwa bei moja na kilima, tena mara nyingine bei ya chini, na maskini ndiye anayelinunua.

Shimo la namna hiyo libaki pori la kartiye. Lizungushiwe uzio mfupi wa miba, watoto wasiingie. Usiwe ukuta mrefu, kwa sababu upepo ndio unaotawanya gazi. Nyumba zipande juu. Hata shimo la choo lichimbwe kwa uangalifu, na mtu asishuke humo peke yake.

Utasema parsele zetu ni ndogo. Kweli. Ndiyo maana majirani watano ao sita wapatane mapema, kila mmoja aache kipande upande wa shimo, na waandike kwa shefu wa avenue.

Tena kabla ya kulipa, usimuulize muuzaji tu. Uliza wamama wa pale kuku wao wanafiaga wapi.